Usiifunike Kitambaa, Icheze: Vidokezo 11 kwa Mpenzi wa Kompyuta za Zamani Kamembe

Fungua kabati la sebuleni kwa mjomba yeyote mwenye umri wa kutosha hapa Kamembe, na huenda ukakuta kitu chenye waya ambacho hakuna anayekumbuka kilikuwa na kazi gani. Pengine ni kibodi ya kijivu yenye mwanya wa kaseti juu yake, pengine ni kompyuta ya Pentium iliyostaafishwa na ofisi. Shangazi anasema ni takataka. Mpwa aliyechungulia bei za mtandaoni anasema ni dhahabu. Wote wawili wanakosea: hiyo ni mashine ya kuchezea gemu, na isipochezwa itakufa.

Hilo si suala la mapenzi tu. Tuko juu ya mita 1,500, ukingoni mwa Ziwa Kivu, na miezi ambayo mvua hutuacha kwa uhakika ni Juni, Julai na Agosti. Mashine iliyolala kabatini hunyonya unyevu: shaba inaota kutu ya kijani, vifungo vinaganda, disketi zinashika ukungu. Inayowashwa kila wiki hupata joto la kujikausha, na vifungo vyake hujisafisha kwa kubonyezwa. Kwa hiyo ukiona kidokezo chochote hapa chini kinakupeleka kwenye kucheza badala ya kuhifadhi, jua ndiyo nia.

1. Anza na kilichopita huku kwetu

Vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya vitakuambia utafute Commodore 64 au ZX Spectrum, zote za mwaka 1982. Ni mashine nzuri, lakini zilitumia televisheni ya nyumbani kama skrini, na Rwanda ilipata televisheni yake ya taifa mwaka 1992. Usitegemee pia kuzikuta kwa wingi kwa majirani wa Tanzania Bara: mwaka 1974 serikali yao ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, na katazo hilo lilikaa miaka mingi.

Tafuta kwanza koo tatu zilizo karibu nawe: kibodi za kaseti za Kichina, kompyuta za mezani za enzi za DOS na Windows 95 au 98, na ile kompyuta ndogo ya kijani na nyeupe ya wanafunzi. Hizo ndizo utakazopatia waya, fundi, na mtu wa mtaani anayekumbuka jinsi ya kumuua bosi wa mwisho.

2. Jua kilicho ndani ya kibodi ya kaseti

Kwa sura ni kompyuta. Ndani, mara nyingi ni nakala ya Famicom, mashine ya gemu ambayo Nintendo iliitoa Japani Julai 1983. Ubongo wake ni wa ukoo wa 6502, uleule uliozaa ubongo wa Apple II na Commodore 64, na kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2 tu. Ndani ya hizo 2 Mario anaruka, anakua na kuokoa binti mfalme.

Kampuni maarufu ya kibodi hizi ilikuwa Subor ya China, ambayo miaka ya 1990 ilimtumia Jackie Chan katika matangazo yake. Aliyeiongoza, Duan Yongping, aliondoka 1995 akaanzisha BBK, na humo ndimo zilimotoka simu za Oppo na Vivo. Kwa hiyo mwenye Oppo mfukoni asiicheke kibodi ya babu, ni ndugu.

Mambo mawili ya kuangalia. Kaseti za Famicom zina pini 60, za NES, toleo lake la Marekani na Ulaya, zina 72, na haziingiliani bila kiunganishi. La pili: kaseti iliyoandikwa gemu 9,999 kwa kawaida ina gemu chache zinazojirudia kwa majina tofauti. Usilipie tarakimu, lipia gemu ulizoziona kwa macho.

Usiache pia kaseti ya elimu iliyokuja na kibodi. Nyingi zina BASIC, lugha ya kuandikia programu, na mtoto anayeandika mistari minne akaona jina lake likijaza skrini nzima amejifunza jambo ambalo simu yake haimfundishi.

3. Usitupe televisheni ya chogo

Rwanda ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2014, televisheni nyingi za chogo zilipoteza kazi, ila kwa gemu hazikupoteza kitu. Kibodi ya kaseti hutengeneza chaneli yake yenyewe, na chogo bado linaipokea kupitia tundu la antena. Skrini nyingi bapa za leo hukataa mawimbi hayo, au huyaonyesha yakiwa na ukungu na kuchelewa, Mario akaangukia shimoni wakati kidole chako kimesharuka.

Bunduki ya kupigia bata ndiyo ushahidi mkubwa. Ukivuta kifyatulio, skrini hugeuka nyeusi kwa kufumba na kufumbua huku bata akimulikwa kwa mraba mweupe, na bunduki huukagua mwanga huo kwa wakati wake kamili. Skrini bapa huchelewa, na bata hafi hata ukiibandika bunduki kwenye kioo.

Picha ikija bila rangi au ikipanda juu bila kutulia, ingia kwenye menyu ubadilishe mfumo wa rangi kati ya PAL na NTSC kabla ya kumlaumu muuzaji. Jambo moja halina mzaha: usifungue chogo. Ndani kuna umeme wa zaidi ya volti 20,000, na hubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Muite fundi wa televisheni.

4. Ione ikiwaka ndipo ulipe

"Ilikuwa inafanya kazi" ni sentensi ya wakati uliopita. Ukienda kununua, iwe sokoni Kamembe au ng'ambo ya daraja la Rusizi kwenye vibanda vya Bukavu, beba ekstensheni, waya wa AV wenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu, kaseti moja unayoijua, na bisibisi. Bonyeza kila kitufe. Tikisa polepole usikie kama kuna skrubu inayozunguka ndani. Nusa: harufu ya samaki au ya kuungua kwenye pawa saplai mara nyingi ni kapasita zilizovuja au waya ulioyeyuka.

Muuzaji asiyekuruhusu kufungua kifuniko anakuuzia bahati nasibu, na wahenga wamesema rahisi ghali. Ukivuka mpaka na mzigo, omba risiti na uutangaze forodhani. Mashine isiyo na karatasi hukosa thamani hata kama inawaka vizuri.

5. Tahadhari na kompyuta ya kijani

Kuanzia 2008 Rwanda ilisambaza shuleni zaidi ya kompyuta 200,000 za XO, za mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Ni mashine ya kupendeza: kibodi ya mpira isiyoingiza vumbi wala maji kirahisi, skrini inayosomeka juani, ubongo wa megahezi 433 na kumbukumbu ya megabaiti 256. Mwaka 2007 kampuni ya Electronic Arts iliipa gemu ya SimCity ya mwaka 1989, na mwaka uliofuata msimbo wake ulitolewa huria kwa jina la Micropolis. Unaweza kujenga mji, kuutoza kodi na kuubomoa kwa tetemeko, yote bila kuvunja haki ya mtu.

Shida ni umiliki. Nyingi ya XO zilizopo nchini ni mali ya shule. Mtu akikuuzia moja kwa kunong'ona, muulize barua ya shule iliyoiondoa kwenye hesabu zake, akisita, muage. Njia safi ipo: mwishoni mwa 2007 Wamarekani waliruhusiwa kununua mbili, moja wakibaki nayo na nyingine ikienda kwa mtoto wa nchi nyingine. Zile walizobaki nazo huuzwa kihalali huko, na ndugu wa Marekani anaweza kukuletea.

6. Uheshimu umeme, na uiogope radi

Umeme wetu ni volti 230. Pawa saplai nyingi za kompyuta za mezani za miaka ya 1990 zina swichi nyekundu nyuma, ya 115 na 230. Ikiwa mashine ilitoka Marekani na swichi iko kwenye 115, utasikia mlio mmoja tu, na hutausikia tena. Hakikisha kabla ya kuchomeka.

Kwa adapta za kibodi za kaseti, angalia mambo matatu: volti, kiasi cha mkondo, na upande wa chanya. Nyingine huweka hasi katikati ya kichwa, kinyume cha adapta nyingi za nyumbani. Kichwa kuingia tunduni hakumaanishi kinafaa.

Mashine iliyolala miaka mingi isichomekwe moja kwa moja. Mwombe fundi aiwashe kupitia taa ya sirizi, yaani balbu ya zamani ya uzi iliyofungwa kwenye njia ya umeme. Kukiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu na mashine itasalimika.

Kisha radi. Milima ya magharibi mwa Ziwa Kivu, upande wa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na mawingu hayasimami mpakani kugonga mhuri. Ukisikia ngurumo, zima, chomoa waya wa umeme, chomoa na antena. Umeme ukikatika, chomoa vilevile, usubiri urudi na utulie. Ule mshtuko wa kurudi ndio unaoua.

7. Toa betri kabla hujafanya kingine

Kompyuta nyingi za 386 na 486 zina betri ndogo ya pipa iliyolehemiwa kwenye mazabodi kwa ajili ya kutunza saa. Ikizeeka hutema maji yanayokula njia za shaba, na hayakupi taarifa. Fungua leo, na ukiona unga wa kijani au mweupe, mpe fundi aikate. Siki kidogo kwenye pamba ya masikio hutuliza maji ya betri hizo. Kisha safisha kwa spiriti na uache pakauke kabisa.

Mashine za baadaye hutumia betri ya sarafu, CR2032, inayopatikana kwa mafundi wa saa. Ukiiondoa, DOS itaamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1980. Haidhuru, gemu ya Prince of Persia haiangalii kalenda.

8. Safisha kwa spiriti, si kwa pumzi

Kila aliyekulia na kaseti anajua dawa ya gemu isiyowaka: toa, puliza, rudisha. Nintendo yenyewe ilionya dhidi ya kupuliza, kwa sababu mate ni unyevu, na unyevu ni kutu. Ikiwaka baada ya kupuliza, mara nyingi kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha, pini zikasuguana. Tumia pamba ya masikio na spiriti kali ya duka la dawa. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, heri ya 90 na kuendelea. Kutu nyepesi kwenye meno ya kaseti huondoka kwa raba ya penseli.

Kuhifadhi ndani ya plastiki ni kosa mara mbili: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na hata ingeruhusiwa, hufungia unyevu ndani pamoja na mashine. Weka kwenye boksi la karatasi, juu ya rafu na si sakafuni, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Na kile kitambaa cha kufuma ambacho mama amekitandika juu ya televisheni? Kizuri sana. Kiondoke kabla ya kuwasha, maana kinaziba matundu ya kutolea joto.

9. Nakili disketi mapema

Disketi ya inchi 3.5 hubeba megabaiti 1.44, na kila msimu wa mvua huipunguzia uhai. Ukiitazama sahani yake na kuona madoa ya ukungu, usiiingize kwenye kisomeo. Itachafua kichwa chake na disketi zote zitakazofuata.

Jordan Mechner, mtunzi wa Prince of Persia ya 1989, alidhani msimbo wake wa awali umepotea hadi baba yake alipokuta boksi la disketi nyumbani mwaka 2012. Wataalamu walifanikiwa kuzisoma, na msimbo ukatolewa hadharani. Kama yeye nusura akose, wewe usisubiri. Nunua kisomeo cha disketi cha USB, nakili zote kwenye laptopu, weka nakala ya pili mahali pengine. Badala ya kisomeo kilichochoka unaweza kufunga kifaa kiitwacho Gotek, kinachoidanganya kompyuta kwamba flashi ni disketi. Diski kuu inayolia unaweza kuibadilisha kwa kadi ya CompactFlash yenye adapta yake: haina kelele, na haijali barabara ya Nyungwe.

10. Waagize ndugu walio ng'ambo kwa akili

Ukitaka mashine za miaka ya 1980 kwelikweli, waulize walio Ubelgiji kabla ya walio Marekani. Umeme wao ni kama wetu, na plagi yao nyembamba ya pini mbili huingia kwenye soketi zetu. Brussels ina soko la vitu vya zamani katika uwanja wa Jeu de Balle. Mwambie binamu atafute Amstrad CPC 464 ya mwaka 1984: ina kisomeo cha kaseti za muziki ndani yake, inakuja na skrini yake, na skrini hiyo ndiyo inayoilisha umeme. Hutahitaji televisheni, na kwenye zile zenye kibodi ya Kifaransa, walioisomea wataikuta herufi A mahali pake. Sharti la kumsisitizia binamu: asinunue kibodi bila skrini.

Walio Muscat waulizie Sakhr, kompyuta za Kiarabu za kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, zilizofuata mfumo wa MSX wa 1983. Ni katika MSX2 ambamo Konami ilianzishia Metal Gear mwaka 1987. Kama mzigo haubebeki, pakua kwanza emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani. DOSBox huendesha gemu za DOS, na Internet Archive iliweka maelfu yake mwaka 2015, zinachezeka ndani ya kivinjari. Ukiona gemu imekuchosha kwenye emuleta, umeokoa nauli ya mashine nzima.

11. Cheza na watu

Kwa kibodi ya kaseti, anza na Battle City ya 1985, ambayo kaseti nyingi huiita Tank: wachezaji wawili wanalinda ngome moja, na ugomvi kuhusu nani aliyeivunja ni sehemu ya mchezo. Halafu Contra. Kabla ya kuanza, bonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha Start, upate maisha 30. Kwenye DOS, Dangerous Dave ina hatua 10 tu na inamtosha mtoto kwa likizo nzima. Prince of Persia inakupa dakika 60. Katika matoleo ya mwanzo, andika "prince megahit" unapoianzisha, kisha Shift na L zitakurusha hatua za mwanzo. Doom ya 1993 iwekwe baada ya wadogo kulala.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda ukiisha, ndiyo siku nzuri: majirani wako nyumbani tayari. Pangeni mechi za mshindi kubaki, kila mtu maisha matatu. Kwa kuwa nyingi ya gemu hizi husahau alama ukizima, weka daftari: jina, gemu, alama, tarehe. Miaka ikipita, daftari hilo litaeleza mkusanyiko wako kuliko orodha yoyote ya bei.

Mashine ikishindikana kabisa, chomoa kibodi, kumbukumbu na waya za kusaidia nyingine, kisha mwili wake uupeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Rwanda ina kiwanda cha Enviroserve kule Bugesera kwa kazi hiyo. Usichome waya uani.

Na anayeshindwa siku hiyo ananunua sambaza za kukaanga. Ziliwe baada ya mechi, tena mbali na mashine, kwa sababu spiriti yote tuliyoitaja haitaweza mafuta yale yakishaingia chini ya vitufe.